Soketi za Uongo

Mzee Sosthenes alikwisha kusamehe zamani kukatika kwa umeme. Hasira yake ilikuwa juu ya namna unavyorudi. "Umeme hauui chombo ukiondoka," aliwaambia wateja wake, "huua ukirudi." Kwa miaka thelathini na tano alikuwa fundi wa redio na televisheni karibu na soko la Babati, na televisheni nyingi za mji huu zilipita mezani kwake zikinuka moshi. Wenyewe waliapa kwamba hakuna aliyezigusa. Mzee alifungua kifuniko, akanusa, akauliza swali moja tu: "Ulichomoa?" Hakuna aliyekuwa amechomoa.

Nyumbani kwake Bonga, basi, sheria ilikuwa moja. Umeme ukikatika, kila plagi inatoka ukutani, friji kwanza. Ukirudi, watu wanatulia mpaka taa ya sebuleni iache kupepesa, ndipo vitu vinachomekwa kimoja kimoja. Binti yake Marietha alijua kuchomoa kabla hajajua kusoma, na katika nyumba ile hakikuungua hata kijiredio.

Ugonjwa wa kusahau ulipomwingia mzee ulianza na majina ya wajukuu. Ukaja kwenye njia ya kanisani. Ukafika kwenye kifo cha mkewe, ambacho Marietha alimwambia upya mara mbili, na mara zote mbili mzee alilia kama ndiyo kwanza apokee habari, hivyo mara ya tatu Marietha akamjibu kwamba mama yuko shamba. Tangu siku hiyo mama akawa yuko shamba. Plagi tu ndizo ugonjwa haukuzigusa. Mzee alizichomoa umeme ukikatika, akazichomoa usipokatika, baada ya chai na kabla ya chai, akizunguka nyumba nzima mkono ukutani. Nyama ilioza kwenye friji, na simu ya Marietha ilishinda imezima.

Marietha alikuwa mjane, na binti yake wa pekee, Redempta, alikuwa masomoni Dodoma. Aliishi kwa mashine ya kutotolesha vifaranga iliyokuwa chumba cha uani. Aliifungia gadi ya kuzuia umeme mkali, akaiwekea na betri kubwa ya kuishikilia umeme ukiondoka. Alijikinga na kila adui wa nje. Wa ndani hakumhesabu kuwa adui, na mimi simlaumu. Nani humhesabu baba yake?

Kaka yake Marietha, Yohanes, mkulima wa milimani Mbulu, alikuwa akipiga simu kila Jumapili. "Mlete huku. Nguzo hazijafika kwetu, hatakuwa na cha kuchomoa."

"Baba haendi popote," Marietha alimjibu kila mara. Mzee alishuka kutoka milima ile akiwa kijana na hakuwahi kuipenda baridi yake. Kule hakuna aliyemjua kuwa ni fundi. Na tuseme lililo kweli: baba akiondoka, Marietha hakuwa na mtu mwingine wa kumwamkia asubuhi.

Siku moja Marietha alikwenda msibani kijiji cha Mutuka; aliondoka alfajiri, akarudi jioni. Mashine ilikuwa imebeba mayai ya kikundi cha akina mama wa huko huko Mutuka, siku ya ishirini, imebaki moja tu vifaranga waanguliwe. Kabla ya kutoka alikuwa amewasikia wakilia ndani ya maganda, akafurahi, na kwa furaha hiyo akasahau kufunga kufuli aliloliweka kwa ajili ya wezi.

Umeme siku hiyo haukukatika hata dakika moja. Lakini alipofungua mlango wa uani alikuta mashine imepoa. Waya wake ulikuwa umechomolewa hata kwenye betri, umeviringishwa vizuri na kufungwa kwa mpira, kama wa chombo kilichokwisha kutengenezwa kinachomsubiri mwenyewe. Marietha aliweka yai sikioni, akaweka la pili, akaendelea mpaka trei ya kwanza ikaisha. Kulikuwa kimya.

"Nimekuokolea mashine yako," mzee akasema nyuma yake, kwa furaha.

"Umeua, baba," Marietha akasema kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwake. "Umeua vifaranga vya watu."

Mzee alitazama huku na huku kumtafuta aliyefanya jambo hilo. Kesho yake alikuja Mama Xaveria, mwenyekiti wa kikundi. Alizitazama zile trei, kisha akauliza kama mzee amekula. Marietha alitamani angalau atukanwe.

Ndipo akamwita Halidi. Halidi ni fundi umeme mwenye duka lake mjini, lakini kazi aliifundishwa na Mzee Sosthenes, na bado alikuwa akimwita mwalimu. Marietha alitaka mambo mawili. La kwanza, soketi zote za kweli zipandishwe juu karibu na dari. La pili alilisema akitazama chini: sebuleni, pale pa kukaa mzee, ufungwe ubao wenye soketi nne na plagi zake, usiounganishwa na kitu.

"Mama Redempta," Halidi akasema, "fundi hadanganywi kwa waya."

"Siyo fundi tena," Marietha akajibu, na papo hapo akajuta.

Halidi aliifanya kazi yote, na chai hakuisubiri.

Na mambo yakatulia. Mzee alichomoa na kuchomeka ubao wake kutwa, akiwa na uso wa mtu mwenye shughuli. Trei zilijazwa mayai mapya na friji ikagandisha. Majuma mawili Marietha alilala usingizi ambao alikuwa ameusahau, na alianza kuamini kwamba baba yake atazeekea pale pale Bonga, na kwamba uongo mdogo wa mbao na misumari ndio uliokuwa ukihitajika siku zote.

Alasiri moja mvua ilinyesha, umeme ukakatika kweli. Mzee aliinuka akachomoa plagi zake zote nne. Umeme uliporudi alisimama akiikodolea taa mpaka ikatulia. Marietha alikuwa kwenye mkeka akichambua mbaazi, na moyoni alicheka kidogo kuona sheria ya nyumba bado inafuatwa. Kisha mzee akatoa testa yake ya kupimia umeme mfukoni mwa shati, akaipenyeza kwenye soketi ya kwanza. Akaenda ya pili, ya tatu, ya nne. Kijitaa cha testa hakikuwaka. Aliung'oa ubao, akaugeuza, akaufuata waya kwa kidole mpaka pale ulipoishia, kwenye msumari.

Alikaa chini na ubao mapajani.

"Hii ni kazi ya Halidi," akasema. "Huku kukaza waya nilimfundisha mimi."

"Ndiyo, baba."

"Mmenipa cha kuchezea."

Marietha hakuweza kukana. Mzee alikuwa akimtazama kwa macho yake ya zamani, yale ya kumsubiri mteja aseme ukweli.

"Niliharibu nini?"

"Mayai. Yalibakiza siku moja."

"Yako?"

"Ya watu, baba."

Mzee alitikisa kichwa polepole. Mvua ilikuwa imebaki matone tu kwenye bati. "Na mama yako," akasema, "hayuko shamba."

"Hayuko shamba, baba."

Alijifuta uso kwa kiganja. Marietha alisogea akamshika goti, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu walimlilia yule mama wakiwa wawili.

"Nipeleke kwa Yohanes," mzee akasema.

"Huipendi baridi ya kule."

"Siipendi. Nipeleke." Akamshika mkono. "Akili hii imekuja kutembea tu, mwanangu, haitalala hapa. Siku ya kuondoka nitakuwa nimesahau. Nitakataa, na huenda nikalia. Usinisikilize. Msikilize huyu wa leo."

Marietha aliitikia kwa kichwa. Mzee hakukubali; alitaka kusikia kwa sauti.

"Nitakupeleka, baba."

Kabla jua halijatua mzee alimuuliza Marietha kama yule mteja wa redio amepita.

Yohanes alikuja Jumamosi asubuhi na gari la kukodi. Mzee alimpokea vizuri kama anavyopokewa mgeni, akanywa uji, akavaa koti alilopewa, akaingia garini akidhani wanakwenda mjini. Ni begi lililomshtua, alipoona likipakiwa.

"Nguo zangu zinakwenda wapi?"

"Kwa Yohanes, baba. Kule nyumbani, milimani."

"Nani amesema?"

"Wewe mwenyewe. Uliniomba."

"Mimi siwezi kusema hivyo," mzee akasema, na alikuwa mkweli. Aliyesema hakuwepo tena, na shahidi wa pili hakuwepo. Alimtazama Yohanes, akarudi kwa Marietha, na sauti ikapungua. "Nimekosa nini?"

"Hujakosa, baba."

"Kama kuna kitu nimeharibu, nisamehe. Sitagusa tena kitu cha mtu." Na ili aaminiwe, aliingiza viganja vyake chini ya mapaja akavikalia, kwa nguvu, mabega yakapanda. "Unaona? Nitakaa hivi hivi."

Marietha alitazama begi. Kulishusha kulikuwa kazi ya mkono mmoja, na mwili mzima ulimvuta kulishusha. Alivuta mkanda badala yake, akaupitisha kifuani pa baba yake, akaufunga, akambusu kwenye paji la uso, akafunga mlango. Yohanes akawasha gari. Nyuma ya kioo mzee alikuwa bado ameikalia mikono yake, akimtazama Marietha aone kama inatosha.