Ng'ombe Kumi na Mmoja wa Maduhu

Kila Alhamisi Maduhu huleta ng'ombe kumi na mmoja joshoni. Mvua inyeshe, jua liwake, ng'ombe wazae au wafe, ni kumi na mmoja. Mwaka jana walizaliwa ndama wanne kwenye boma lake, mimi mwenyewe nilikunywa maziwa ya mama zao, na Alhamisi iliyofuata wakaja kumi na mmoja. Nikamuuliza kama ng'ombe wake wameanza uzazi wa mpango. Akacheka vizuri tu, akaweka saini kwenye daftari langu, akawaswaga kurudi nyumbani.

Mimi ndiye katibu wa josho la kijiji chetu, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka Segese. Kazi yenyewe haina mshahara. Nasimama pembeni ya njia nyembamba ya saruji, nahesabu ng'ombe wanavyoruka kwenye shimo la dawa. Wanaogelea, wanatokea upande wa pili, wanatikisa masikio na kunilowesha. Kisha naandika. Donatus, afisa mifugo wetu, huchukua hesabu yangu akapiga zake, ajue dawa ya kuongeza, maana kila ng'ombe hutoka na maji ya josho mwilini mwake. Ni utaratibu mzuri sana. Una kasoro moja: hesabu ni ya uongo.

Huku kwetu mtu haulizwi ana ng'ombe wangapi. Ni kama kumuuliza mama mkwe ana kilo ngapi. Atatazama mbali, ataanza habari za mvua. Sababu hazikosekani: michango, ndugu, wezi, macho ya watu. Kwa hiyo kila mtu ana ng'ombe wa joshoni na ng'ombe wa kwake. Wa joshoni ni wale aliokubali waonekane. Waliobaki wako kwa rafiki, au kwa mjomba, au wamesukumwa porini mpaka josho lifungwe, na masikioni mwao kupe wamejipanga kama punje kwenye gunzi. Jioni wote wanalala zizi moja. Hapo ndipo unapotamani kukaa chini ulie, lakini kuna matope.

Nimelisema hili kwenye mikutano mpaka watu wanalisema pamoja nami, kama kiitikio. Mwenyekiti wa josho ni George, shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Hutikisa kichwa kwa uchungu, anasema Mama Nelly asikilizwe, kisha Alhamisi analeta ishirini. Ishirini kamili. Ng'ombe wa George hawajawahi kuwa kumi na tisa.

Mimi nilikuwa na mmoja. Mtamba, chotara, mimba yake ya kwanza, ya miezi saba, anaitwa Pensheni. Jina nilimpa siku ileile niliyomleta, kwa sababu nina miaka hamsini na mitatu, mgongo umeanza kugombana na jembe, na binti yangu Nelly yuko Geita na maisha yake. Mume wangu alipofariki, miaka minne iliyopita, ndugu zake walikaa kikao wakagawana ng'ombe kwa utulivu wa kanisani. Mimi nikaachiwa nyumba na pole nyingi. Pensheni nilimpata kwa misimu mitatu ya pamba. Akizaa salama nitauza maziwa Segese, ambako wachimbaji wanapenda chai nzito. Asipozaa, sina mpango mwingine, na sitaki kujifanya ninao.

Kwa hiyo sikumpeleka malishoni hata siku moja. Alikula nyumbani, kivulini, kama bibi harusi, na Alhamisi alitangulia wote kuogeshwa. Majani nilimkatia mwenyewe kwenye ngitili ya Maduhu, ambaye ndiye jirani yangu. Ngitili ni pori la majani linalofungwa mvua zinapoanza. Haingii mnyama mpaka kiangazi kiwe kikali. Nikajiambia hakuna majani safi kama yale. Maduhu aliniruhusu kukata kwenye ukingo wa upande wangu, akasisitiza, tena akasisitiza, nisiingie katikati. Nilidhani anatunza majani.

Jumatatu moja ya mwezi wa pili Pensheni akakataa kula. Nikampapasa. Chini ya sikio la kulia tezi imevimba kama embe bichi. Ndani ya sikio, kupe wanane, wale wa kahawia, wamebana kana kwamba wamelipa kodi.

Donatus alikuja na pikipiki yake, akampima joto, akaniambia ni ndigana, ile homa inayoletwa na kupe. Akamchoma sindano na kusema kwamba bahati yangu nimewahi, ila siku mbili tatu ndizo zitakazoamua, na mimba hawezi kuiahidi. Kisha akaanza kuniuliza kama polisi. Anachungwa pamoja na wa nani? Hachungwi. Anaoga? Kila wiki. Analala wapi? Hapahapa, peke yake. Akaniangalia kama mtu anayeangalia daftari langu la josho. Mwishowe akachukua fungu la majani niliyokata asubuhi, akalikung'uta juu ya kiroba cheupe. Vikadondoka vidude vidogo, vikaanza kutembea.

"Kupe hazaliwi na jani, Mama Nelly," alisema. "Huyu ameshuka kwa ng'ombe. Kuna ng'ombe humo."

Kulipopambazuka nikaenda ngitili, nikaingia katikati nilikokatazwa. Sikuhitaji kutafuta. Kinyesi kibichi, majani yamelala, njia imekanyagwa kama ya kwenda mnadani. Na nyuma ya miti ya mihale, ng'ombe. Nilihesabu, kwa mazoea: ishirini na sita. Maduhu amekaa juu ya gogo na redio yake ndogo, anasikiliza bei ya dengu.

Akasimama, akanisalimia kwa adabu zote, mwangaluka mayu, habari za nyumbani. Nikamwambia habari za nyumbani anazo yeye.

"Baba Esta, hawa ni wa nani? Maana wako ni kumi na mmoja, nimewaandika kwa mkono wangu."

"Wageni."

"Wageni gani wanakaa mpaka wanaota mikia?"

Akasema wengine ni wake, wengine ni wa watu. Nikamwambia kupe nao ni wa watu, wamehamia kwangu bila barua ya mtendaji. Nikamweleza tezi ya Pensheni, nikamweleza sindano, nikamkumbusha kila mkutano tangu mwaka juzi na alikaa benchi gani akipiga makofi. Nilimwambia kwamba kumi na mmoja wanaooga na ishirini na sita wasiooga ni sawa na kunawa mkono mmoja halafu kula kwa mikono miwili. Nilisema mengi. Yeye alizima redio, jambo ambalo lilinishangaza, akaningoja.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Ukimaliza, mtazame yule mwekundu. Sikio la kushoto."

Nikatazama. Sikio lilikuwa na mikato miwili, mmoja nchani, mmoja pembeni. Hiyo ni alama ya ukoo wa mume wangu. Kila ng'ombe wao hukatwa hivyo akiwa ndama. Pembeni ya yule mwekundu kulikuwa na jike jeupe na fahali mchanga, masikio yaleyale.

Hapa inabidi nirudi nyuma, na sirudi kwa furaha. Niliposema nilikuwa na mmoja, nilisema kama wanavyosema wote. Wiki ile mume wangu alipolazwa Kolandoto na ikaonekana hatatoka, nilitoa majike mawili na ndama mmoja nikawapeleka Bugarama kwa rafiki yangu Lusia, anitunzie. Kikao cha ndugu kilipokaa hawakuwepo, na mimi sikuwataja. Miaka minne nimesimama joshoni nikiwahubiria watu waache kuficha ng'ombe, na watatu wangu wakila nyasi za Bugarama. Nilijiambia kwamba wao wako mbali, wanaoga huko. Sikuwahi kuuliza kama wanaoga huko.

Maduhu akanieleza bila kunicheka, na hilo liliniuma kuliko kuchekwa. Malisho ya Lusia yamegeuka mashimo. Wachimbaji wamefungua maduara mpaka nyuma ya zizi lake, na jike jeupe lilinusurika kutumbukia. Lusia ni binti wa shangazi yake Maduhu. Aliwaleta kwake tangu Oktoba, na mimi hakunipigia, kwa sababu mambo ya namna hii hayasemwi kwenye simu. Maduhu aliyajua masikio siku ya kwanza.

"Ningewapitisha joshoni mbele ya George?" aliuliza. "Angesoma masikio kabla hawajalowa. Nikawaweka huku. Na kwa kuwa hawa wako huku, nikaona na wengine wakae huku, wasiwe wapweke."

"Wasiwe wapweke," nikarudia. Nilikuwa nimemkatia Pensheni majani yenye kupe wa ng'ombe wangu mwenyewe, kwa panga langu mwenyewe, kila siku asubuhi, nikiimba.

Maduhu akaniambia msimamo wake. Ameona tezi kwenye ndama wake wawili, naye amechoka. Alhamisi atawaleta wake wote thelathini na nne, watu waseme watakavyo. Ila watatu wangu hawatabaki ngitili peke yao wakimtunzia kupe. Ama niwapitishe mwenyewe, ama niwatafutie maficho mengine.

Nakiri nilitafuta maficho. Njia nzima ya kurudi nilipanga majina: huyu ana mdomo, yule ana deni na George, huyu zizi lake liko karibu mno. Nilipofika nyumbani Pensheni amelala na shingo imenyooka ardhini. Nikamshika sikio, lilikuwa la moto. Donatus alikuja kumchoma tena, na nikiwa nimemshikilia kichwa ndipo nilipoona ujinga wangu ulivyo mkubwa. Popote nitakapowaficha, kama ni mwendo wa ng'ombe, ni mwendo wa kupe. Jumatano akanyanyua shingo. Jioni yake akala majani niliyoyatoa bondeni, mbali na ngitili, fungu la kwanza baada ya siku tatu, akalitafuna polepole kama anayenifikiria.

Alhamisi nikawaswaga watatu wangu. George alikuwa amesimama mlangoni pa josho na fimbo yake. Nikamwamkia, shikamoo shemeji. Akaitika marahaba, huku macho yake yameshatua sikioni.

"Masikio haya ya nani?"

"Ya ng'ombe wangu."

"Mkato huu ni wa baba yangu."

"Na nyasi ni zangu, shemeji. Miaka minne."

George akanyoosha fimbo kuzuia njia. Bahati, au niseme Maduhu, alikuwa nyuma yangu na thelathini na nne wake, na ng'ombe wakishaona njia ya josho hawajui mambo ya mirathi. Walisukuma. Yule mwekundu akaruka, jeupe likafuata, fahali akaenda na fimbo ya George mpaka majini. Nikaandika: watatu.

Kesho yake kikao kikaitwa kwa George. Alisema wote watatu ni mali ya ukoo na warudi. Nikamwambia sawa, haki itendeke kwa wote: tuhesabu ng'ombe wote wa ukoo, boma kwa boma, tuanze na hapa tulipokaa, maana daftari langu linasema ni ishirini na mimi sitaki kuwa nimeandika uongo. Nilisema kwa upole. Kutoka zizini nyuma ya nyumba kulisikika sauti za ng'ombe wengi mno kuwa ishirini. Wazee wakaanza habari za mvua. Mwisho wake George alichukua fahali, akaniachia majike mawili, akasema ni kwa huruma. Nililia nilipofika nyumbani, kwa sababu fahali yule ningemuuza Desemba. Nilishalia kwa vitu vikubwa zaidi, kwa hiyo sikuchukua muda.

Alhamisi iliyofuata ndipo nilipopata adhabu yangu kamili. Walipoona Maduhu amefichua na hajafa, na mimi nimefichua na nimebaki na mawili, watu wakaleta. Wakaleta kutoka kila kichaka. Foleni ilifika barabarani, malori ya kwenda machimboni yakisubiri. Mzee mmoja ambaye nimemwandika wanne tangu josho lifunguliwe alikuja na hamsini na mmoja na akanilaumu kwamba njia ni nyembamba. George alikuja na sitini na tatu, akanitazama usoni, nami nikaandika bila kucheka. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya mwaka huu.

Kufika saa nne, dawa ikapungua. Ng'ombe mia tano walikuwa wametoka na maji yao, na Donatus alikuwa amepiga hesabu za ng'ombe mia mbili, za daftari langu. Akaniuliza, mbele ya watu, ni katibu gani aliyemwandikia takwimu hizi. Ng'ombe walikuwa wanatembea sasa, hawaogelei tena. Maji yanawafika tumboni, mgongo mkavu, kupe wa juu wanatazama mandhari. Na Pensheni alikuwa bado kwenye foleni. Donatus alikuwa ameniambia aoge mwishoni, asikanyagwe, kwa kuwa bado ni dhaifu.

Akaongeza dawa aliyokuwa nayo, lakini dawa bila maji ni sumu, na kisima kiko bondeni. Nikawageukia wenye ng'ombe. Nikawaambia kila mtu alete ndoo kwa idadi ya ng'ombe wake, na safari hii sihitaji kuuliza, ninazo namba zote. Wakanung'unika. Maduhu akachukua ndoo mbili akashuka. Wengine wakafuata, wakinitaja.

George alibaki ameegemea ukuta. Nikampelekea ndoo.

"Sitini na tatu, shemeji," nikamwambia. "Na haraka kidogo. Kuna mjamzito anangoja."