Fundi Aliyekosa Nafasi Mashuani

Mashua ilikuwa ya watu kumi na watano. Walishaingia kumi na wanane, na maji yalibakiza shubiri moja tu kufika ukingoni. Nyuma kabisa alikaa Nahodha Marwood na shati lake la kulalia, mikono imefungwa, akitukana tangu alfajiri bila kuchoka. Meli yake mabaharia walioasi walikuwa wamempokonya.

Jethro Tregenza, seremala wa manowari ile, alifika ubavuni mwa meli na sanduku la zana begani. Alishapitisha mguu mmoja ili ashuke mashuani.

"We fundi, unakwenda wapi?" Osgood, afisa aliyeongoza maasi, alimwekea bunduki kifuani. "Meli inavuja. Wewe hubanduki hapa."

"Sina ugomvi na mtu, bwana. Niache niende."

"Umfuate huyo? Si juzi tu kakutandika viboko mbele ya watu wote, kisa jibini?"

Wenzake Osgood wakacheka. Tregenza hakucheka. Alimchukia Marwood tangu walipotoka Plymouth, na hakuwahi kuficha. Lakini sheria ya jeshi la mfalme aliijua. Mahakama haitauliza nani alishika bunduki na nani alikunja mikono. Itauliza ulibaki melini au ulishuka. Aliyebaki ananyongwa, isipokuwa nahodha mwenyewe aseme mtu huyu alizuiwa.

Na nahodha hakuwa anamtazama.

"Bwana nahodha!" akapaza sauti. "Wamenizuia! Nimeshikwa kwa nguvu!"

"Funga domo!" Kitako cha bunduki kikamgonga mbavu.

Marwood aliinua macho. "Wote mnasema mmezuiwa! Nitawaona mkining'inia Portsmouth, mmoja mmoja!"

Baharia mmoja alishaweka kisu kwenye kamba ya mashua. Hapo Tregenza hakungoja tena. Aliliinua sanduku, akalitupa chini mashuani: msumeno, tezo, misumari, vyote. Mashua ikayumba, maji yakamwagika ndani.

"Litatuzamisha! Litupeni!" mtu akapiga kelele.

"Zana hizo tutazihitaji! Atakayeligusa nitamtupa yeye!" Marwood alifoka. Kisha akamgeukia seremala. "Nimekuona, Tregenza. Nitasema."

Kamba ikakatwa.

Osgood alimpiga hadi akalala chini. Hakumuua, meli bado ilikuwa inavuja. "Sasa utaziba matundu kwa kucha zako, mpumbavu wewe."

Tregenza alijikokota, akashika ukingo, damu mdomoni. Mashua ilishakuwa ndogo. Bandari ya karibu yenye Wazungu ilikuwa maili elfu tatu, na mle walikuwa na mkate wa siku tano, sita wakibanabana. Akajikuta anamwombea Marwood, mtu ambaye yeye mwenyewe jana tu alimtakia kifo. Aliomba apate maji, apate upepo mzuri, asiugue, asipigwe mkuki na wenyeji wa visiwani.

Mashahidi wake wote walikuwa mle, na mawimbi yalikuwa yanaanza kukua.