Nywele za Kusingizia

Likizo ile hakukuwa na kichwa kilichofika kwa kinyozi mara nyingi kama cha Kamusi, wala kichwa kilichokuwa na akili chache ndani yake. Msidhani namtukana. Maneno hayo ni yake mwenyewe, aliyasema mbele ya kioo cha bafuni kwao huku akijipapasa kisogo.

Jina la Kamusi alilipata shuleni. Kwenye midahalo alikuwa akimwaga maneno mpaka upande wa pili unaomba maji. Lakini hebu mpeleke kwa kinyozi, mkalishe kwenye kile kiti chekundu kilichochanika mkono, umsimamishie nyuma binti wa kinyozi na mashine yake, halafu aulizwe anataka mtindo gani. Kamusi nzima inabaki na neno moja.

"Punguza."

"Nipunguze kiasi gani?"

"Punguza tu."

Domo zege, jamani! Na zege la watu huanza likiwa laini ndipo likakauka. Lake lilizaliwa limeshakauka.

Binti mwenyewe alisoma shule ya bweni, mbali, na wakati wa likizo alimsaidia baba yake dukani. Baba alishika kiti cha dirishani, yeye akashika kile chekundu. Alikuwa na mkono mwepesi na maneno mengi, tena alizungumza na vichwa vya watu kama vile vina masikio yao binafsi. "Tulia wewe, usinikimbie," alikiambia kichwa cha Kamusi siku ya kwanza, na kichwa kikatii. Moyo ndio uliogoma.

Siku hiyo ya kwanza Kamusi alitumwa na mama yake. Zilizofuata alijituma mwenyewe. Nywele zikithubutu tu kuchungulia, yeye huyoo, mbio kwenda kupunguza. Akirudi nyumbani mama yake humwangalia kwa muda, kisha humuuliza, "Mwanangu, umetoka kunyoa au ndiyo unakwenda?" Kamusi alijua macho ya mama yameanza kuchoka. Akamhurumia sana.

Ilifika mahali hata yeye akaona haya kurudi. Basi akampeleka babu yake. Huyo mzee hakuwa na unywele hata wa kuapia. Binti alikizunguka kile kichwa mara mbili akitafuta kazi, hakuiona.

"Babu, nikunyoe nini?"

"Muulize mjukuu wangu. Yeye ndiye aliyeniambia nimeota nywele."

Duka zima likaangua kicheko. Binti alicheka mpaka akashika meza. Kamusi alisimama mlangoni akitamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi nayo ikamkataa.

Njiani babu akamshika bega. "Mapenzi na kikohozi havifichiki, mjukuu wangu. Lakini wewe unakohoa kwa kichwa changu! Mwenyewe anaondoka lini?"

"Jumapili."

"Basi Jumamosi nenda kaseme. Akishaondoka ni muhula mzima, na wenye midomo hawaishi duniani. Mimi niache na kipara changu."

Yalimwingia. Wiki nzima alifanya mazoezi bafuni. Alitaka kusema "nakupenda", basi. Kwenye mdahalo asingeihesabu hata kuwa ni salamu.

Jumamosi duka lilifurika, maana kila mzazi alikumbuka kichwa cha mwanawe siku hiyo hiyo. Kamusi alikaa kwenye benchi akipiga mahesabu. Kila kiti cha dirishani kikibaki wazi, yeye humwambia jirani yake, "Tangulia, kaka." Alitanguliza watu mpaka wakamwona mcha Mungu. Mwishowe benchi likabaki lake peke yake, na pale kwenye kiti chekundu binti alikuwa bado akihangaika na mtoto mmoja aliyelia muda wote huo.

Baba mtu akapiga kiti chake kwa taulo. "Haya kijana, njoo."

Mwenye akili timamu angesema, "Namsubiri binti yako." Lakini jaribu wewe kumwambia hivyo baba wa msichana, na wembe uko mkononi mwake! Kamusi akainuka, akaenda, akakaa.

"Tukufanyeje?"

Masikini, hata lile neno lake moja lilikuwa limekimbia. Akaisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Zote."

"Zote?"

"Zote, baba."

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Huyu alijitia maji, akajipeleka. Mashine ilianzia kwenye paji la uso ikaenda mpaka kisogoni, na nywele zikaanguka mapajani. Kichwa kilichotokea hakikuwa cha mviringo. Kisogoni palikuwa na nundu ambayo ndugu zake wote walikuwa wamemstahi, hakuna aliyewahi kumtajia. Masikio nayo, yaliyokuwa yamejificha kwa adabu zake, yakasimama wima.

Binti akageuka. Akazima mashine yake.

"Baba! Umefanya nini?"

"Si kasema zote?"

"Nywele hizo nazitunza likizo nzima, wewe unazimaliza mara moja!"

Hata yule mtoto akaacha kulia. Kinyozi akamtazama binti yake. "Unazitunza vipi, mwanangu, na wewe ndiye unayezinyoa?"

Binti akainama, akaokota kwenye meza kile kichana cha plastiki kinachovishwa kwenye mashine, akakigeuzageuza. "Nilikuwa namvishia hiki kirefu. Mashine inalia tu, inapita juu, wala haikati." Sauti ikashuka. "Ningezikata, angerudi kwa kisingizio gani?"

Kamusi akamkumbuka mama yake na yale macho yake yaliyochoka. Kumbe mpofu ni mwingine! Alisikia joto likipanda mpaka utosini, na safari hii kila mtu aliliona likipanda. Akafungua mdomo.

"Zitaota," akasema.

Watu wakangoja.

"Nakupenda. Na zitaota."

Kinyozi akakohoa, akaanza kukunja taulo ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

"Zikiota zisiguswe na kinyozi yeyote," binti akasema huku akijizuia kucheka. "Mpaka nirudi."

"Hata mimi?" baba yake akauliza.

"Wewe ndiye hasa, baba."

Kamusi alirudi nyumbani upepo ukimpiga mahali ambapo haujawahi kumpiga tangu azaliwe. Mama yake akafungua mlango, akamtazama juu mpaka chini.

"Alhamdulillah! Leo sasa umenyoa."

Kamusi akajipapasa nundu, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Mama yake akamsogelea na kukikagua kile kichwa, kuona kama wembe umepita mpaka ndani.