Hodi Ubavuni

Jana usiku, nikiwa nimelalia ubavu wa kushoto kama daktari alivyoagiza, niliota nimeketi kibarazani kwa uti wangu wa mgongo.

Mlangoni vimesimama vyuma viwili, vile nilivyofungiwa ili mgongo usizidi kupinda. Vimevaa makoti ya walinzi. Tangu viwekwe, sindano ya dawa ya misuli haipati pa kupita mgongoni, na misuli inazidi kuniaga. Sasa imefika zamu ya kidole gumba cha kulia, ndicho kinachoendesha kiti changu cha magurudumu. Hicho sikitoi. Ndiyo maana nilikubali kupasuliwa, nikawekewa kikopo chini ya ngozi ya ubavu, chenye mrija wa kupeleka dawa ndani ya uti wa mgongo kila inapohitajika.

"Hodi!" inaita sauti kikoponi.

Ni Dawa. Amevaa kanzu nyeupe, amebeba mkoba. Daktari alisema dawa iingie polepole, basi ananyata kama mtu anayekwenda ukweni.

"Mbona hamfungui?" nawauliza walinzi.

"Sisi tumeajiriwa tu," kinajibu Chuma cha Kulia. "Anayekaribisha ni mwenye nyumba."

"Yuko wapi?"

"Hatujawahi kumwona. Wanaopita hapa wote ni madaktari."

"Hodi!" anaita tena Dawa.

Kibaraza kimekuwa chumba cha upasuaji. Pingili zangu zimepanga foleni na vikombe mkononi, zinalalamika chai imepoa. Dawa anaanza kufunga mkoba. Ana adabu zake: hodi ya tatu isipoitikiwa, anarudi alikotoka.

Hasira zinanipanda. Miaka yote watu wananibeba na kunijibia, hata nikiulizwa jina. Leo hodi inapigwa mwilini mwangu mwenyewe, nami nimekaa nangoja wengine waitikie!

"Hodi," anasema Dawa kwa unyonge.

Nafungua mdomo. Umejaa ganzi, ulimi mzito kama gunia. Nausukuma. Haukubali. Nausukuma tena.

"Karibu!" nasema. "Pita ndani! Mwenye nyumba ni mimi."

Vyuma vinavua kofia. Dawa anapanda pingili moja moja, akizisalimia zote, anafika begani, anashuka mkononi, ananipa mkono. Naukamata kwa nguvu, sitaki aondoke.

"Getruda, niachie!"

Kumekucha. Mama mdogo Veronika, aliyelala kitini kando ya kitanda, anatazama kiganja chake. Kina alama nyekundu ya ukucha.

"Nani kakufinya, mama?" namuuliza.

Machozi yanamtoka, huku anacheka. Anakirudisha kiganja chini ya kidole gumba changu.

"Finya tena, mwanangu."

Nikamfinya.