Walimchukua Sista Ili Nipumzike

Usinione nimenyamaza ukadhani sina maneno. Maneno ninayo, tena mengi, na la kwanza ni hili: mtu asije kwako na pikapu kukuondolea mzigo kabla hajakuuliza mzigo wako ni upi.

Mimi ni Jepkorir, lakini hapa Kitale hakuna anayeniita hivyo. Nina hoteli ndogo karibu na soko, na tangu asubuhi ni mama chai, mama chapati moto, mama hii maharagwe mbona haina chumvi. Watu wanajaa mpaka mlangoni, na siku inaisha hakuna hata mmoja ameniuliza nimelalaje. Mzee wangu, Kemboi, alifariki. Mtoto wetu mmoja tu, Bethwel, alimwoa Judy akahamia Bungoma kwa sababu ya kazi. Ukiingia nyumbani kwangu kule Kibomet, unasikia friji tu.

Lakini nilikuwa na Sista. Sista ni ng'ombe. Nilimnunua akiwa ndama kwa masista wa misheni, na jina likamkaa hivyo hivyo. Asubuhi kabla ya hoteli namkamua, mchana naruka kwa bodaboda namkamua, jioni tena. Na alikuwa na maringo huyo, wacha tu! Ukimjia na haraka zako, anabana maziwa. Utavuta chuchu mpaka vidole vife ganzi, na ndoo kavu. Kwanza lazima ukae kwa kistuli, uweke paji la uso kwenye ubavu wake, unyamaze. Usifikirie bei ya unga wala chapati zinazoungua. Unasikia tumbo lake likinguruma, unasikia pumzi yake, na yako inaanza kuifuata pole pole. Hapo ndipo anashusha. Siku nyingine nilikuwa namwongelesha kidogo. Siku nyingine nilikuwa nalia kidogo, halafu naosha uso, narudi kwa chapati.

Sasa nikapatikana na presha. Daktari, kijana mpole, akaniambia, "Mama, punguza kazi. Na kila siku, katikati ya hizo shughuli zako, tafuta mahali utulie, uvute pumzi, akili ipumzike." Nikacheka moyoni. Si hiyo dawa ninayo tayari, na inanipa maziwa juu! Lakini Bethwel aliponipigia simu kuuliza daktari amesema nini, nilimwambia ile nusu ya kwanza peke yake.

Jumamosi hiyo hiyo akaja na pikapu.

"Mama, hoteli najua hutakubali kufunga," akasema. "Lakini hii ng'ombe ndiyo inakumaliza. Tutaenda nayo, Cherop apate maziwa, na wewe upumzike."

Cherop ni mjukuu wangu, hata kutembea hajaanza. Haya, hapo wewe ungesema nini? Ungemwambia mtoto wa kiume, aliyetoka Bungoma na kamba mkononi, ati wewe mwanamke mzima na mvi zako, rafiki yako ni ng'ombe? Ungemnyima mjukuu maziwa? Nikasema asante. Nikawafungia hata majani ya njiani. Sista alipandishwa kwenye pikapu akiniangalia, na mimi nikajifanya natafuta ufunguo.

Nilijaribu kutulia bila yeye, usiseme sikujaribu. Nilikaa nyuma ya hoteli juu ya kreti ya soda, nikafunga macho, nikavuta pumzi kama daktari alivyonifundisha. Weee! Kilichokuja hakikuwa amani. Ulikuja ule upande wa kitanda wa Kemboi, na shuka lake ambalo halilaliwi tena na mtu. Wakiuru, msichana wangu wa jikoni, akanitikisa bega: "Mama, unaumwa? Ama tumefiwa?" Huku kwetu mwanamke akikaa mikono mitupu mchana, watu wanatafuta maiti. Nikarudi kwa sufuria zangu. Na wakati wa kukamua ukifika, miguu ilikuwa inasimama yenyewe, halafu nakumbuka. Upweke niliujua tangu zamani, lakini huo wa sasa ulikuwa unaniuma mpaka kwenye meno.

Halafu Bethwel akapiga simu.

"Mama, huyu ng'ombe wako ni mkorofi bana! Amekataa kabisa kushusha. Tangu aje tunapata vijiko tu, na kiwele kimeanza kuvimba. Si ukuje umwonyeshe Judy? Ikishindikana, Jumapili nitakurudishia."

Atanirudishia! Nisikudanganye, nilicheza pale jikoni mwiko ukiwa mkononi, na wateja wakafikiri nimeshinda kitu.

Nikafika Bungoma Ijumaa, na nguo mbili na roho mbaya. Judy, mke wa Bethwel, sina neno naye. Ni msichana mzuri, ana heshima. Anafanya kazi kwenye sacco, ana mtoto mchanga, na msichana wa kazi alikuwa ameondoka bila kuaga. Jioni nikamfuata bandani nione anavyokamua. Simu ameibana kati ya sikio na bega, "Ndiyo, nitatuma, natuma sasa hivi," mikono inavuta chuchu huku na huku, jicho moja liko kwenye mlango wa nyumba, sikio la pili linasikiliza kama Cherop analia. Sista akarusha teke, ndoo ikaenda.

Nilisimama hapo nimekunja mikono. Dawa nilikuwa naijua, ni maneno mawili: kaa, nyamaza. Sikuyasema.

"Labda bado ni mgeni," nikasema.

"Mama, hebu jaribu wewe basi. Atakusikia."

"Mgongo, mtoto wangu. Huu mgongo wangu haunipi nafasi."

Mgongo wangu ni mzima mpaka leo. Sista alikuwa ananitazama, kile kiwele kimekaza, na nilimwonea huruma kweli kweli. Lakini nikamwambia kimoyomoyo, vumilia mama, Jumapili tunaenda nyumbani. Usiku huo nililala usingizi mzuri, na nilikuwa nimeshapanga nitamfunga wapi.

Jumamosi Judy aliitwa kazini, akarudi jioni macho mekundu. Sikumwuliza na hakuniambia. Alimpa Bethwel mtoto, akaiacha simu juu ya meza ikilia, akachukua ndoo akatoka. Nikachukua karai la maji ya moto ya kuoshea kiwele, nikamfuata. Nilipofika nyuma ya banda, nikachungulia kwenye nafasi ya mbao, nikasimama.

Alikuwa amekaa kwa kistuli. Hakushika chuchu. Alikuwa amechoka tu, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa Sista, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuegemea. Akaanza kulia, si kilio cha kelele, kile cha mabega. Na Sista, yule mkorofi, akaacha kukanyaga kanyaga. Akatulia.

Sikio lake moja likageukia kwangu. Alikuwa amenisikia. Nilijua kabisa kwamba nikisema "Sista," hata kwa sauti ndogo, atageuka aje kwangu, ndoo itamwagika, Judy ataruka, na kesho ni pikapu. Jina lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Ni wangu huyu! Nimemlea kwa chupa, hawa wana kila mtu, mimi nina nani?

Lakini nilikuwa naangalia ule mgongo wa Judy. Mimi pia ndivyo ninavyokaa. Hakuna aliyewahi kuniona nikikaa hivyo, ndiyo maana hakuna aliyejua cha kuniachia.

Nikafumba mdomo. Nililishikilia lile karai mpaka maji yakapoa. Baadaye kidogo nikamsikia Judy akipenga kamasi, halafu maziwa yakaanza kugonga ndoo tupu, membamba kwanza, halafu mazito, yenye povu. Sikio la Sista likageuka likarudi kwake.

Tukaketi mezani, chai nyeupe kabisa. Bethwel alikuwa amefurahi mpaka anamrusha Cherop hewani.

"Si nilisema? Ng'ombe ni ng'ombe. Huzoea mtu yeyote."

"Mama, hata sijui nimefanya nini," Judy akasema. "Nimekaa tu. Unajua leo yote, ni pale tu hakuna mtu ameniita?"

"Najua," nikasema.

"Kwani kule Kitale wewe ulikuwa unamfanyia nini?"

"Hakuna. Nilikuwa nakamua tu."

Bethwel akanijazia kikombe mpaka juu. "Basi mama, hiyo ya kumrudisha imeisha. Sasa wewe ni kupumzika kabisa. Hakuna kitu tena cha kukusumbua."

Nikamwambia asante. Nikainua kikombe, nikanywa bila kukishusha, kwa sababu mtu aliye na kikombe usoni haulizwi analilia nini.