Kabichi ya Jumapili

Binti yangu Dulcie alijifungua mtoto wa kike kule Alberta, nami nikabaki hapa kisiwani Newfoundland nimekwama. Moyo wangu umechoka kusukuma damu. Maji yananijaa miguuni hata viatu vinanikataa. Daktari alinikataza chumvi, akasema uvimbe usiposhuka, hakuna kupanda ndege.

Basi nikawa nakaa jikoni na simu sikioni, namsikiliza mjukuu wangu akilia upande wa pili wa nchi. Nilimtamani mpaka mikono ikaniuma kwa kukosa cha kubeba.

Mke wangu, Philomena, alilishika katazo la chumvi kama amri ya kanisa. Kopo la chumvi alimpa jirani. Jumapili, siku ambayo kwetu kila nyumba huchemsha nyama iliyohifadhiwa kwenye ndoo ya maji ya chumvi, alijilia nyama peke yake, mimi akanipakulia viazi, karoti na kabichi.

"Acha kuikodolea macho," alisema. "Utadhani ni mke wa mtu."

"Kumbe hata kunusa ni dhambi?"

"Kula kabichi yako, mzee."

Nikaila, na ilikuwa tamu ajabu. Mwenye akili angejiuliza kwa nini. Sisi hatukujiuliza.

Kila Jumatatu nesi Bernadette, msichana wa hapa hapa, alikuja kunipima uzito, na kila Jumatatu nilikuwa nimezidi.

"Mjomba Leander, unaiba chumvi wewe!"

"Niibe wapi? Huyu mama ananilinda kuliko benki."

"Maradhi ya moyo na mishipa yanaua watu wengi duniani kuliko maradhi mengine yoyote. Hayahitaji msaada wako."

Jumapili moja alipita kutusalimu akitoka kanisani, akamkuta Philomena anapakua. Sufuria ilikuwa moja tu, kubwa: nyama chini, mboga juu, kama mama zetu wote walivyopika. Bernadette akachota maji kwa kijiko, akaonja, akakunja uso.

"Shangazi, mboga zake unazichemshia humu?"

"Sasa nizichemshie wapi? Nyama yenyewe simpi hata kipande."

"Chumvi ya nyama yote imo kwenye haya maji, shangazi. Na kabichi imeyanywa."

Philomena akaweka mwiko chini, akaketi, akaanza kulia. "Leander, kumbe ni mimi ninayekuzuia usimwone mtoto. Kwa mikono yangu mwenyewe!"

"Hata mama yangu angenipikia hivyo hivyo," nilimwambia.

Jumapili iliyofuata mboga zangu zilichemshwa kwa maji matupu, na nyama hakuipika kabisa, hata yake. Kabichi ile ilikuwa kama kutafuna kitambaa kilicholowa. Siwafichi, niliitamani sufuria yetu ya zamani hadi nusura nilie. Miaka yote ya maisha yangu nimekula Jumapili ile ile, na sasa imeondoka.

Simu ikaita. Dulcie.

"Baba, leo amecheka! Amecheka kwa sauti!"

"Mwambie acheke tena."

"Hachekeshwi kwa simu, baba. Mpaka akuone."

Tuliagana. Kisha nikamsogezea Philomena sahani yangu.

"Niongeze kabichi."

"Lakini haina ladha, mume wangu."

"Najua. Niongeze."