Kiti cha Ishirini

Mtu mzima akikatiza uwanja wa chuo asubuhi na kiti kichwani, nani asicheke? Mama Kidege alilijua hilo. Ndiyo maana siku za mwanzo alikibeba mkononi, kikawa kinamgonga goti kila hatua. Baadaye akaona kwamba aibu na maumivu kwa pamoja ni kujidhulumu, akachagua aibu peke yake. Akakipandisha kichwani, miguu ikiwa juu, akatembea kama mtu anayekwenda kwenye shughuli zake.

"Dada, unahama?" vijana waliozoea kukaa kwenye ngazi za maktaba walimuuliza.

"Nahamia darasani," alijibu bila kugeuka, maana angegeuka kiti kingeanguka.

Wakaangua kicheko, naye akatabasamu. Aghalabu hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake marefu kuliko yote kwa siku nzima.

Kiti chenyewe kilikuwa cha chumbani kwake bwenini, cha mbao, chenye ubao mmoja wa mgongo uliolegea. Chumba kilikuwa na kitanda, meza, kiti hicho na dirisha linalotazama ukuta. Majirani zake wa kushoto na kulia walikuwa watoto wa juzi, wamemaliza sekondari mwaka jana tu, wanaingia na kutoka kwa makundi kama ndege wa mpunga. Walimsalimia vizuri, wala hawakuwa na ubaya. Ila mtu akikuamkia "shikamoo" mlangoni mwa bweni mnalolala wote, ujue hatakuita mkacheze karata.

Nyumbani, hali ilikuwa nyingine kabisa. Huko alikuwa na jina jipya. Tangu siku barua ya kukubaliwa ilipofika, mtaa mzima ulimwita Namba Moja, kwa kuwa chuo hicho ndicho kilichotajwa cha kwanza katika orodha ya vyuo bora, na lango lake lilikuwa na bango linalosema hivyo kwa herufi kubwa kuliko jina la chuo. Mama yake mzazi alikata orodha hiyo gazetini akaibandika ukutani juu ya redio. Wageni walikaribishwa, wakaketishwa, na kabla hawajaulizwa habari za walikotoka walionyeshwa ukuta.

"Mwanangu huyo," alisema. "Aliyesoma usiku na mtoto mgongoni."

Si usiku hasa. Ilikuwa jioni, katika darasa la shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto wa miaka saba. Magoti yalikuwa yakigusa kidevu. Waliosoma naye walikuwa fundi cherehani, mlinzi, mwuza mboga na kinyozi mmoja aliyesinzia kila siku ile saa ya historia. Hakuna gazeti lililowahi kukitaja chuo hicho cha jioni, si juu wala chini. Lakini mwalimu wao alikuwa akijua hata kikohozi cha kila mtu. Kidege alipolia, mwalimu alimchukua, akaandika ubaoni kwa mkono mmoja na somo likaendelea.

Kidege alikuwa amebaki kwa bibi yake. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kuhesabu. Alihesabu vifungo, kuku wa jirani, na wajomba, hata asio nao.

Basi, Mama Kidege alikuja kusomea uhandisi wa maji, na mlango wa uhandisi wa maji ni somo moja: mwendo wa maji. Ukilikosa hilo, umekosa yote. Nalo lilifundishwa namna mbili. Kulikuwa na madarasa madogo, ghorofa ya pili, na kulikuwa na ukumbi mkuu. Wenyeji waliojua mambo walijiandikisha kwenye madarasa madogo asubuhi ile ile usajili ulipofunguliwa kwenye kompyuta. Yeye, mgeni, kuku mweupe asiyejua hata banda liko wapi, alipogundua kwamba kuna madarasa madogo yalikuwa yameshajaa. Akaangukia ukumbini.

Ukumbini walikuwa mamia. Mhadhiri alionekana kwa mbali, mdogo kama kidole gumba, na sauti yake ilitoka kwenye spika za ukutani utadhani yuko nchi nyingine. Huwezi kuiuliza spika swali. Mama Kidege aliandika kila neno, akarudi chumbani, akasoma alichoandika, akakuta ameandika asichokielewa kwa mwandiko mzuri sana. Jaribio la kwanza lilipokuja, alianguka. Matangazo yalikuwa wazi: atakayeanguka katika mtihani wa mwisho wa muhula pia, safari yake ya uhandisi imeishia hapo.

Siku hiyo alipopiga simu nyumbani, mama yake aliuliza, "Namba Moja, vipi huko?"

"Kuzuri, mama. Kuzuri sana."

Kisha akakaa kitandani akautazama ukuta wa dirishani. Alimwacha mtoto wake aje asomee nini? Kuandika vizuri?

Kesho yake alipanda ghorofa ya pili. Hakuwa na mpango wowote. Mtu aliyekosa usingizi hupanda ngazi hivyo hivyo. Mlango wa darasa moja ulikuwa wazi kidogo kwa sababu ya joto, na ndani aliona mama mmoja mwenye mvi, ameshika birika, anamimina maji kwenye beseni juu ya meza. Wanafunzi walimwita Profesa Birika, kwa siri ambayo mwenyewe aliijua. Mama Kidege akaketi sakafuni, mgongo ukutani, akasikiliza. Siku iliyofuata akarudi. Na iliyofuata.

Siku hiyo ya tatu Profesa aliuliza swali, akanyamaziwa. Akauliza tena: "Jamani, mmeoga leo? Hakuna aliyeona kitu bombani?"

Ndipo sauti ikatoka mlangoni yenyewe, kabla mwenye sauti hajaizuia.

"Maji yanakonda."

Vichwa vyote vikageuka. Profesa akaja mlangoni na birika lake mkononi.

"Yanakonda nini, mwanangu?"

"Ukifungulia bomba kidogo," Mama Kidege alisema akiwa anainuka na kupangusa sketi, "maji yanatoka manene juu, yakishuka yanakonda. Nilikuwa nikimwogesha mwanangu nayaona kila siku. Nimejiuliza mwaka mzima yale mengine yanakwenda wapi."

Profesa akacheka, kicheko cha mtu aliyeletewa zawadi. "Hayaendi kokote. Ni yale yale. Ila yakishuka yanakimbia, na anayekimbia hahitaji njia pana. Ingia, ingia uone."

Akaingia. Profesa akainua birika juu, akamimina polepole, akamwambia ashike rula ya kupimia. Kwa mara ya kwanza tangu afike chuo namba moja, Mama Kidege alielewa kitu mpaka kwenye vidole. Angeweza kulia. Akashika rula tu.

Somo lilipokwisha Profesa alimbakiza. "Nakukaribisha, mwanangu, lakini sina kiti. Viti humu ni kumi na tisa, na si kwamba viliisha dukani. Wakati wa kupanga vyuo, wanauliza madarasa mangapi yana watu wasiofika ishirini. Yakiwa mengi, chuo kinapanda. Basi humu tunabaki kumi na tisa, na wanaozidi wote wanamiminwa ukumbini. Ukumbi ukiwa na watu mia nne au mia tisa, unahesabiwa kuwa darasa moja tu."

"Kwa hiyo ukumbi ni ndoo ya kukingia."

"Umesema wewe." Akaanza kukusanya vitu vyake. "Chuo si kibaya, usinielewe vibaya. Maabara kama zetu utazitafuta kwingine usizipate. Lakini ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Ukija na kiti chako, mimi sitakifukuza."

Ndivyo ilivyoanza safari ya kiti.

Wiki zikapita. Alikaa nyuma, karibu na mlango, kiti chake kikilia kila akiinama kuandika. Wenzake walikuwa watu wema wa kusogeza goti apite. Kijana mmoja waliyemwita Miwani alikuwa akimpa karatasi akiishiwa. Lakini kipindi kikiisha waliondoka wawili wawili, watatu watatu, wakibishana na kusukumana, naye akainamia kiti chake. Mwenye kiti kichwani hawezi kutembea sambamba na mtu. Miguu ya kiti itamtoboa jicho. Hivyo hata yule ambaye angependa kumsindikiza alimpisha.

Akajifunza, hata hivyo. Hilo hakuna wa kumnyang'anya. Jaribio la pili alifaulu, akaitazama ile alama yake peke yake chumbani, akakosa wa kumwonyesha, akalionyesha dirisha.

Halafu siku moja Profesa akamsogelea huku akifuta ubao usio na kitu.

"Mwanangu. Jumanne wanakuja kuhesabu. Yule mtu wa ofisi ya takwimu anapita darasa kwa darasa. Naomba... siku hiyo moja tu. Nenda maktaba. Na kiti uende nacho."

"Wakinikuta?"

"Darasa linaweza kugawanywa, au mlango ufungwe kabisa, nisiruhusiwe kuwa na hata mtu wa kusikiliza." Hakumtazama. "Mimi naona haya kukwambia."

"Usione haya, Profesa," alisema, maana ndivyo alivyolelewa: mkubwa akiona haya, unamstiri.

Jumanne akabeba kiti, akaelekea maktaba. Vijana wa ngazini walikuwepo.

"Dada! Leo darasa limekuhama?"

Utani tu. Walikuwa wameshamzoea. Lakini leo hakutabasamu. Akasimama pale, kiti kichwani, akaona ilivyo: akikaa maktaba leo, atakuwa amekubali kwamba yeye hayupo. Atakuwa ameondolewa kama kiti kilichozidi. Na nyumbani wanaonyesha ukuta.

Akageuka. Safari hii aligeuka kweli, na kiti hakikuanguka.

Alikiweka kwenye ujia wa ghorofa ya pili, kando ya mlango, akakikalia. Mlango ulikuwa umefungwa. Hakusikia sauti ya Profesa wala ya maji. Akakaa mikono mapajani. Kuna upweke wa kuwa mbali na watu, huo alikuwa ameuzoea. Huu wa kuwa unene wa mlango mmoja kutoka kwao ulikuwa mgeni kwake.

Mlango ukafunguka, akatoka mwanamke wa makamo mwenye jalada kwapani na kidude cha kuhesabia cha kubofya mkononi. Viatu vyake vilikuwa vimekanyagwa visigino. Akafunga mlango nyuma yake, akamwona.

"Wewe, mbona umekaa ujiani? Unamsubiri nani?"

Angeweza kusema chochote. Angesema anamsubiri mdogo wake.

"Simsubiri mtu. Nasoma humo. Mimi ni wa ishirini."

Yule mwanamke akamtazama, akatazama kiti, akatazama kidude chake. Akaegemea ukuta, kama mtu aliyepanda ngazi nyingi tangu asubuhi.

"Mdogo wangu, jina lako liko ukumbini?"

"Liko ukumbini, lakini mimi siko. Siendi kule. Kule sielewi."

"Basi umeshahesabiwa. Ukumbini."

"Nimehesabiwa nisikosoma," Mama Kidege alisema taratibu, "na ninakosoma sihesabiwi."

"Ndiyo." Hakusema kwa ukali. "Mimi nahesabu waliokaa kwenye viti vya humo ndani. Kiti chako kiko nje. Sijaambiwa nihesabu ujia." Akaweka kidude mfukoni, akaanza kuondoka, kisha akageuka. "Napita mara moja tu kwa muhula. Wiki ijayo sipo. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Na hicho kiti kigonge msumari. Kitakuangusha."

Akashuka ngazi, viatu vikiburuzika, mpaka mlio ukaisha.

Mama Kidege alibaki ameketi. Baadaye kidogo mlango ukafunguka tena, na Profesa akasimama hapo na birika lililojaa.

"Hujaenda maktaba."

"Sikuweza, Profesa."

"Na mimi sikuweza kuanza." Akasogea kumpisha. "Leta kiti."

Ndani, ubao ulikuwa mweusi bila hata mstari. Miwani alikuwa amesogeza kiti chake kuelekea ukutani, na pengo limebaki katikati ya safu, si nyuma karibu na mlango. Akaweka kiti kwenye pengo, kikalia alipoketi, mtu mmoja akacheka, na maji yakaanza kumiminwa.

Jua lilipokuwa linazama alipiga simu nyumbani. Mama yake akapokea na maneno yale yale, Namba Moja, vipi huko. Safari hii hakusema kuzuri.

"Mama, kuna mwalimu mmoja mzuri sana. Na kuna upweke. Yote mawili yapo."

"Hilo mbona hawakuliandika gazetini?" mama yake akasema kwa sauti ndogo. "Kula, mwanangu. Huyu hapa anataka kuninyang'anya simu."

Pakasikika purukushani, kisha pumzi ndefu ya mtoto aliyebana simu mdomoni.

"Mama! Bibi anasema wewe namba moja."

"Hapana, Kidege. Mimi ni wa ishirini."

Kidege akaanza kuhesabu, moja, mbili, tatu, bila haraka, akiruka kumi na nne kama kawaida yake, na mama yake, amekaa kwenye kiti kilicholegea mbele ya dirisha linalotazama ukuta, akamsubiri afike.

"Ishirini!" mtoto akapiga kelele. "Mama, ishirini ni kubwaa!"

"Kubwa sana," alisema, akafuta uso kwa kiganja. "Haya, anza tena. Nakusikiliza."